Ulirusha sarafu mara nne: ushike jibu lipi?

Swali: "Nauza vitambaa Kariakoo na mzigo wangu hutoka Guangzhou. Mwenyeji wangu wa kule alinifundisha kurusha sarafu tatu mara sita na kusoma jibu kwenye kitabu chao, Yijing. Siku hizi nina programu ya simu inayofanya kazi hiyo. Nina kontena moja njiani. Niliuliza kama nikope niagize la pili ili liwahi Idi, nikapata gua (mchoro wa mistari sita) ya 5, Xu, mstari wa tatu ukibadilika, ikawa gua ya 60, Jie. Sikuridhika. Nikauliza tena mara tatu usiku uleule, kila mara jibu jingine. Mdogo wangu naye ameanza kuitumia kwenye mikeka ya mpira. Je, elimu hii ya kale inaweza kutabiri mambo ya leo, biashara, dola, mechi? Na katika majibu yangu manne nishike lipi?"

Dada yangu, shika la kwanza. Yale matatu yafute, wala usiyalinganishe nalo.

Kitabu chenyewe kimelisema hili. Gua ya 4, Meng, inamzungumzia mtu ambaye bado hajaelewa na anatafuta wa kumfundisha. Maneno yake ni haya: swali la kwanza hujibiwa, la pili na la tatu ni kukosa adabu, na mkosa adabu hajibiwi. Maneno hayo yanakaribia umri wa miaka 3,000. Maana yake tangu enzi ya Zhou, ukoo wa wafalme wa kale wa China, kulikuwa na watu wanaokesha na vijiti vyao wakitafuta jibu tamu kuliko la kwanza, hata ikabidi waandikiwe onyo.

Hesabu nayo inakubaliana na adabu. Sarafu tatu, upande mmoja ukihesabiwa 3 na mwingine 2, hutoa jumla ya 6, 7, 8 au 9. Saba ni mstari mzima, nane ni mstari uliokatika. Tisa ni mstari mzima unaogeuka kuwa uliokatika, na sita ni uliokatika unaogeuka kuwa mzima. Unarusha mara sita ukijenga kutoka chini kwenda juu, na gua imesimama. Gua zipo 64, na kwa kuwa kila moja inaweza kubaki ilivyo au kugeuka kuwa nyingine yoyote, majibu yanayowezekana ni 4,096. Nafasi ya kupata jibu lilelile, mstari kwa mstari, mara mbili mfululizo ni chini ya moja kwa elfu. Kwa hiyo majibu yako manne tofauti hayakuhusu kontena hata kidogo. Ndivyo sarafu zilivyo. Na mwenye kurudia hadi apate anachokitaka atakipata tu, kisha atasema kitabu kimemruhusu.

Sasa swali lako kubwa. Nitakujibu waziwazi kwanza, maelezo yatafuata. Sarafu hazijui dola itauzwaje mwezi ujao, wala hazijui nani atafunga bao Jumamosi. Lakini gua ikiulizwa swali linalomhusu muulizaji mwenyewe, mahali aliposimama na hatua anayotaka kupiga, inaweza kumwonyesha kitu ambacho kilikuwa mbele yake naye hakitazami. Nasema hivyo baada ya kuishi na kitabu hiki kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu nilipokwenda China kusoma Kichina cha kale, na sikuanzia hapo. Nilianza kama wewe, nikitaka kujua yajayo. Walionigeuza ni Wachina wa kale wenyewe.

Kuna kumbukumbu za kale ziitwazo Zuozhuan, zinazoeleza mambo ya falme za China kati ya karne ya 8 na ya 5 KK. Humo mna watu wengi wanaopiga gua kabla ya vita, ndoa na safari. Mmoja ni Mu Jiang, mama wa mtawala wa ufalme wa Lu. Alishiriki njama dhidi ya mwanawe pamoja na mwanamume aliyekuwa hawara yake, njama ikashindwa, naye akafungiwa katika Kasri la Mashariki. Siku alipoingizwa mle, gua ilipigwa, ikatokea Gen, mlima, ikielekea Sui, kufuata. Mpiga gua akamfariji: Sui ni kutoka, bibi, utatoka hapa upesi. Mama yule akakataa. Akasema: najua kitabu kinasema Sui ina mafanikio makubwa na haina lawama, lakini hayo ni kwa mwenye wema unaostahili maneno hayo. Mimi nilishiriki fujo, nikaiacha heshima ya nafasi yangu. Nitakosaje lawama? Nitafia humuhumu. Na ndivyo ilivyokuwa. Kifo chake kimeandikwa chini ya mwaka 564 KK.

Kila ninapoirudia habari hii naona uzito wake upya. Mtaalamu alikuwa na jibu zuri mkononi, mfungwa ndiye aliyelisoma sawasawa. Hakuuliza maneno yanaahidi nini. Aliuliza yanamhusu nani, akajitazama, akakuta si yeye.

Miaka zaidi ya thelathini baadaye, 530 KK, katika ufalme huohuo wa Lu, msimamizi mmoja wa mji aitwaye Nan Kuai alipanga kumwasi bwana wake. Akapata mstari wa tano wa gua ya Kun: vazi la chini la njano, heri kuu. Ungependa nini zaidi? Akamwonyesha ofisa mmoja, Zifu Huibo, bila kumwambia ni jambo gani. Huibo akamjibu kwamba kama ni jambo la uaminifu litafaa, kama silo litavunjika, kisha akaongeza kwamba Yi, yaani kitabu hiki, haitumiki kuulizia mambo ya hatari ya aina hiyo. Uasi ulivunjika, Nan Kuai akakimbilia ufalme wa Qi.

Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba gua ni mtambo, unaingiza swali lolote upande huu na jibu linatoka upande ule, mwambie habari hizi mbili. Waliokuwa karibu zaidi na chanzo hawakuamini hivyo.

Hata hivyo kuna tawi lililojaribu kweli kuifanya mtambo, na programu yako bila shaka ina sehemu yake, kwa hiyo nilieleze kidogo. Linaitwa liuyao, mistari sita. Mzizi wake ni Jing Fang, mtaalamu wa enzi ya Han aliyezaliwa 77 KK. Yeye aliifunga mistari ya gua na kalenda na zile nguvu tano za Kichina, mbao, moto, udongo, metali na maji. Alitabiri mengi mbele ya mfalme, akaingia kwenye siasa za ikulu, akauawa 37 KK. Historia ya Han imehifadhi maneno ya mwalimu wake: atakayeipata njia yangu na kuangamia kwayo ni huyu Jing.

Katika liuyao kila mstari hupewa undugu: wazazi, ndugu, watoto, mali, na serikali. Hapa ndipo mambo ya kisasa yanapoingizwa. Wazazi ni vitu vinavyokusitiri na kukubeba, yaani nyumba, chombo cha safari, na pia maandishi. Kwa hiyo walimu wa leo huweka hapo gari, mkataba, ujumbe wa simu, cheti cha mtihani. Serikali ni cheo, ajira, kesi, na vilevile ugonjwa. Watoto ni dawa na nafuu. Ndugu ni watu wa daraja lako, wanaogawana nawe soko na fedha, ndiyo maana mstari wa ndugu ukitikisika, yaani ukibadilika, mali huhesabiwa kuwa inaporwa. Sasa angalia gua yako. Kwa hesabu hizo mstari wa tatu wa Xu ni mstari wa ndugu, na ndio pekee uliotikisika. Mwalimu wa liuyao angekuambia washindani wako nao wameagiza kwa ajili ya Idi ileile. Angeongeza kwamba udongo wa Joka umegeuka udongo wa Ng'ombe (hao ni wanyama wa kalenda ya Kichina), hatua ya kurudi nyuma, kwa hiyo msukosuko wao utapungua baadaye. Ni mfumo wenye nidhamu na ninauheshimu. Ila nidhamu ya hesabu peke yake haithibitishi kwamba mambo yatakwenda hivyo, na kuhusu washindani hukuhitaji Joka. Zunguka mtaa wa Kongo asubuhi moja uulize nani ana mzigo baharini.

Mimi ningekusomea maneno yenyewe.

Xu ni kungoja. Chini kuna mbingu, mistari mitatu mizima, nguvu tupu inayotaka kwenda mbele. Juu kuna maji, na maji katika kitabu hiki ni hatari, mto wenye kina. Alama ya neno Xu katika maandishi ya Kichina ina mvua kichwani. Ufafanuzi wa kale unasema mawingu yamepanda juu ya mbingu, na muungwana anakula, anakunywa, anafurahi. Mkulima wa kwetu anayelitazama wingu kabla ya masika analielewa hilo bila mkalimani: mvua ipo, haijashuka, na kuipigia kelele hakuiharakishi. Hukumu ya gua ni njema, ina uaminifu na mafanikio, na inasema kwamba kuuvuka mto mkubwa kuna faida. Kwa hiyo usidhani ulikatazwa biashara.

Lakini mistari inasimulia mwendo. Wa kwanza anangoja nje ya mji, mbali na mto. Wa pili anangoja mchangani, watu wanasema maneno madogo, mwisho wake ni heri. Wa tatu, ambao ni wako, anangoja matopeni: anawaita wanyang'anyi waje. Unaona alivyosogea? Mji, mchanga, tope, hatua kwa hatua kuelekea majini, kila mara akijiambia bado anangoja. Ufafanuzi wa kale wa mstari huu una sentensi moja ambayo ningependa uibandike kwenye kabati la duka: balaa liko nje, ni mimi mwenyewe niliyewaita wanyang'anyi, nikiwa na heshima na tahadhari, sitashindwa.

Hatari yako, maji yale ya juu, iko nje ya uwezo wako: meli kuchelewa, dola, foleni ya bandari. Hizo ni za kila mfanyabiashara. Tope ni kile unachokiongeza mwenyewe, yaani mkopo juu ya kontena la kwanza ambalo bado liko baharini. Mtaji uliokwama kwenye tope hauendi mbele wala haurudi, na hapo ndipo kila mwenye kudai anakukuta umesimama. Mstari unaofuata, wa nne, unasema: kungoja katika damu, toka shimoni. Sisi wa Dar tuna mikopo tuliyoipa jina la kausha damu. Sijui kama ulikusudia kukopa huko, lakini kama ndivyo, usiukaribie mstari wa nne.

Kisha tope likageuka Jie. Wengi hutafsiri Jie kuwa kizuizi, lakini asili ya neno ni pingili za mwanzi, zile fundo zinazougawa mwanzi vipande ili usimame bila kupasuka. Gua hiyo inataka kipimo, na papo hapo inaonya kwamba kipimo kichungu kupita kiasi nacho hakidumu. Ningekuuliza basi: kuna kiasi kati ya kontena zima na kutoagiza kabisa? Unaweza kuchangia nafasi ya mzigo na wenzako ndani ya kontena moja, ukachukua vile vitambaa vinavyotoka haraka tu? Na kontena la kwanza likichelewa wiki nne, ukalipa storeji bandarini huku rejesho la mkopo likidai, utalipa kwa fedha gani? Mpigie wakala wako wa forodha, andika tarakimu kwenye karatasi. Majibu ya maswali hayo yana thamani kuliko gua yoyote, lakini angalia kwamba mstari wa tatu ndio uliotufikisha kwenye kuyauliza. Hiyo ndiyo kazi ninayoiamini. Utabiri haumo.

Jambo jingine dogo kuhusu programu yako. Njia ya kale ilitumia vijiti 50 vya mmea. Kimoja huwekwa kando, 49 vinagawanywa na kuhesabiwa nne nne, mara tatu kwa kila mstari, mara 18 kwa gua nzima. Zhu Xi, mwanazuoni wa karne ya 12, ndiye aliyeipanga upya njia hiyo kama inavyofuatwa leo. Hata uwezekano wake si uleule: kwa sarafu, mstari uliokatika hutokea ukiwa wa kugeuka mara moja katika nane, kwa vijiti mara moja katika 16. Kinachonigusa zaidi ni muda. Vijiti vinachukua nusu saa na zaidi, na katika nusu saa hiyo mtu anakaa na swali lake hadi linyooke. Simu inakujibu kabla swali halijakutoka vizuri kinywani, ndiyo maana ni rahisi kurudia mara nne.

Kuhusu dola: bei yake inatokana na biashara ya fedha za kigeni kati ya mabenki, maamuzi ya Benki Kuu, misimu ya watalii, dhahabu na korosho. Hakuna njia ambayo sarafu tatu zilizodondoka mezani Kariakoo zinaweza kujua mambo hayo.

Na mikeka. Hapa naomba umkalishe mdogo wako. Wachina wana hadithi ya vijana watatu waliokwenda kwa mtabiri kabla ya mtihani wa serikali. Akainua kidole kimoja, akanyamaza. Akifaulu mmoja, kidole kilimaanisha mmoja. Wakifaulu wawili, kilimaanisha mmoja atafeli. Wakifaulu wote, wote kwa umoja. Wakifeli wote, vilevile kwa umoja. Gua ikiulizwa mechi inakuwa kidole hicho. Simba na Yanga wakicheza, Joka ni nani? Mstari wa mali ni wa nani? Baada ya filimbi ya mwisho kila mtu atakuonyesha jinsi gua ilivyokuwa wazi. Kama anabisha, mpe daftari. Aandike kabla ya mechi, kwa wino, nani atashinda kwa mujibu wa gua, bila kufuta, mechi 100. Pembeni aandike utabiri wa mtu asiyejua lolote ambaye kila siku anasema mwenyeji atashinda. Mwisho ahesabu safu zote mbili. Mzee aliyenifundisha kusoma gua alitulazimisha daftari kama hilo kwa mwaka mzima, kila mwanafunzi na lake, na alitukataza kueleza chochote baada ya tukio. Langu lilinionyesha kwamba kuhusu matukio ya nje sikuwa bora kuliko kubahatisha. Iliniuma. Nilikuwa nimekwisha waahidi watu majibu, na mmoja wao alihamisha biashara yake kwa neno langu. Ikanibidi nirudi kwake nimwambie sikuwa na haki ya kusema vile.

Umeandika kuhusu Idi, kwa hiyo siwezi kulipita la dini kimya. Aya ya 90 ya sura ya Al-Maida inataja ulevi, kamari, masanamu na mishale ya kupigia ramli kwa pamoja, na mdogo wako ameunganisha mawili kati ya hayo katika mkeka mmoja. Gua haitumii mishale, lakini sura ya jambo ni jamaa ya ramli tunayoijua pwani: ramli ina maumbo 16, kila moja safu nne za nukta moja au mbili, kuanzia Tariki yenye nukta moja moja hadi Jamaa yenye mbili mbili, gua ina safu sita, ndiyo maana zinafika 64. Kanuni ya kuhesabu ni ileile. Basi kama dhamiri yako inakukataza, amani iwe kwako, ziache sarafu. Kitabu hakikulazimishi kuzirusha. Xunzi, mwanafalsafa wa karne ya 3 KK, aliandika kwamba anayeijua Yi vizuri hapigi gua. Unaweza kuisoma Xu kama unavyosoma wosia wa mzee, mstari kwa mstari, ukajiuliza leo umesimama mjini, mchangani au matopeni.

Na ikiwa utaendelea kurusha, usiiulize tena habari ya kontena la pili hadi hali yenyewe ibadilike. Kontena la kwanza likishatoka bandarini, ukahesabu faida na deni likajulikana, hapo utakuwa na swali jipya, na kuliuliza hakutakuwa kukosa adabu.